Kama kitundu cha seli kimeziba, si watafute dawa ya kukizibua tu?

mdadisi_wa_usiku
Wakuu habari zenu. Mdogo wangu kazaliwa hasikii, majuzi wakampima jeni wakasema ana hitilafu kwenye koneksini 26. Nikaanza kusoma nikakuta eti hiyo ni protini inayotengeneza vitundu ambavyo seli zinatumia kupitishiana vitu, na kuna watafiti wanalenga hivyohivyo vitundu kutibu moyo, vidonda, kipandauso mpaka saratani. Sasa kama shida ni kitundu hakipitishi, si watafute dawa ya kukizibua yaishe? Au mi ndo sijaelewa?

mama_maabara
Pole kwa mdogo wako, na swali lina mantiki kabisa. Iko hivi, koneksini sita zinajipanga duara kwenye utando wa seli zinafanya nusu mfereji, seli jirani nayo inaleta nusu yake, zikikutana unapata mfereji mmoja wenye koneksini 12. Humo zinapita potasiamu, kalsiamu na molekuli ndogondogo, protini hazipiti. Binadamu tuna koneksini kama aina 21 hivi, namba zao ni majina tu: ya 26 unaikuta sikioni na kwenye ngozi, 43 imejaa moyoni, 32 iko kwenye neva na ikiharibika inaleta ugonjwa wa neva unaoitwa Charcot-Marie-Tooth.

Sasa wengi wenye uziwi wa koneksini 26, protini yenyewe haitengenezwi au inakatikia njiani. Mlango haupo, ufunguo utautia wapi? Halafu kuna hitilafu zingine za protini hiyohiyo zinazofanya kinyume, ile nusu mfereji inakaa wazi kabla haijapata mwenzake na seli inavuja, wanauita KID, mtu anapata ngozi ngumu, macho yanaumia, na bado hasikii. Yaani jina moja la protini, huyu anahitaji kuongezewa yule anahitaji kuzibiwa.

mdadisi_wa_usiku
Duh. Na hizo za moyo na vidonda je? Mbona nimesoma kama vile zimeshafanikiwa

mfamasia_mchovu
Zimefanikiwa kwa panya mkuu 😅 Kwa moyo, umeme wa mapigo unapita kwenye koneksini 43 toka seli moja hadi nyingine, damu ikiacha kufika moyoni ile mifereji inavurugika. Wakatengeneza peptidi, yaani kipande kidogo kama cha protini, inaitwa danegaptidi ya kuisaidia mifereji iendelee na kazi, kwa wanyama ikaonyesha matumaini, wakaja kuwapa wagonjwa wa shambulio la moyo, matokeo yakatoka 2018: haikuokoa msuli wa moyo kuliko ile dawa ya kuigiza isiyo na kitu ndani.

Vidonda ni kinyume chake. Ngozi ikichanika, koneksini 43 inatakiwa ipungue pale ukingoni ili seli zitambae kuziba kidonda, kwenye kisukari inagoma kupungua, ndo maana huko wanatafuta kuipunguza, wanapaka palepale penye kidonda. Mi naona hilo ndo eneo lenye akili zaidi, kwa sababu dawa haizunguki mwili mzima. Ukimeza dawa ya kuziba mifereji inaenda kukutana na moyo, ini, ubongo, kote kuna mifereji. Karbenoksoloni ya zamani ya vidonda vya tumbo inaziba karibu aina zote hovyohovyo na presha inapanda juu.

Kipandauso kuna tonabersati, ilipunguza yale mashambulizi yanayoanza na mimweko machoni, ila kichwa kinachouma bila mimweko hakikusikia dawa.

bwana_hapana
Na saratani msisahau, huko ndo wamechanganyikiwa kabisa. 1966 watafiti Loewenstein na Kanno waliona seli za saratani ya ini ya panya hazipitishiani umeme kama seli zenye afya, basi watu wakashika hapo miaka mingi kwamba rudisha mifereji, seli itulie. Kuja 2016 ikaonekana saratani iliyohamia kwenye ubongo inaunganisha mifereji na astrositi, zile seli walezi za ubongo, inazitumia kujikinga na kemo. Kwa hiyo hapo inabidi uzibe, wanajaribu na meklofenamati ambayo ni dawa ya maumivu ya kawaida tu. Ukiniuliza nifungue au nizibe nitakuuliza kwanza saratani gani na imefika wapi.

mdadisi_wa_usiku
Nimewaelewa, tena kuliko nilivyosoma kote. Kwa hiyo kwa dogo ndo hamna kitu?

mama_maabara
Kipo, ila sio kidonge. Kuna uziwi mwingine wa jeni ya otoferlini, 2024 walichapisha watoto waliowekewa jeni sikioni wakaanza kusikia. Ya koneksini 26 bado iko maabara na ni ngumu zaidi, inabidi jeni iingie kwenye seli saidizi za sikio, isiende kwenye zile seli zenye vinyweleo zinazopokea sauti maana zenyewe huwa hazina koneksini hiyo.

Ila wenye hitilafu hii neva ya kusikia kwa kawaida iko salama, ndo maana kipandikizi cha koklea, kile kifaa kinachowekwa ndani ya sikio kuichochea neva hiyo, kinawafaa sana. Ana umri gani?

mdadisi_wa_usiku
Mwaka na miezi minne

mama_maabara
Basi funga intaneti, kesho mrudisheni kwa daktari wa masikio muulizie kipandikizi. Umri huo ubongo ndo unajifunza sauti, usingoje jeni.