Boksi lililofungwa, boksi la bomba au sabufa ya chini ya kiti: lipi linafaa gari dogo?

Buti_Dogo

Wakuu, naombeni ushauri. Nina gari dogo la milango mitano. Viti vya nyuma vinakaliwa na watoto kila siku, kwa hiyo kuvilaza haiwezekani, na nusu ya buti nataka ibaki kwa mizigo. Redio ni ileile iliyokuja na gari, nyuma haina matundu ya kuchomeka amplifaya. Spika za milangoni sina tatizo nazo kwenye sauti za waimbaji na magitaa. Kinachokosekana ni chini: gitaa la besi nalisikia nusunusu, na ngoma ya mguu haina uzito.

Nasikiliza rumba na kwaya kwa wingi, reggae na hip hop mara mojamoja. Nimefikia mahali pa kuchagua kati ya haya:

1. Sabufa moja ya inchi 12, boksi lililofungwa
2. Sabufa hiyohiyo, boksi lenye bomba (mrija wa kupitishia hewa ya ndani kwenda nje)
3. Sabufa nyembamba ya chini ya kiti, yenye amplifaya ndani yake

Kuna fundi naye anasisitiza niweke inchi 10 mbili. Naomba mnipe sababu, maana majina ya kampuni nimeshatajiwa ya kutosha.

Fundi_Mbao

Umeanza pazuri mkuu, kwenye boksi. Sabufa ileile ukiihamishia boksi jingine inalia tofauti kabisa. Karatasi ya spika, ile sehemu inayotikisika, inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta kwa wakati uleule, na pande hizo mbili zikikutana besi inajifuta. Kazi ya kwanza ya boksi ni kuzitenganisha.

Boksi lililofungwa linaigeuza hewa ya ndani kuwa springi. Karatasi inashikwa isiende mbali kupita kiasi, na sauti inaposhuka chini inapungua taratibu, kama desibeli 12 kwa kila oktavu, yaani kila masafa yanapopungua nusu. Boksi la bomba linaitumia hewa ya nyuma badala ya kuifungia. Kwenye masafa ambayo bomba limepimiwa, tuseme hezi 35, karibu sauti yote inatoka kwenye bomba na karatasi yenyewe inatembea kidogo sana. Hapo unapata mdundo mkubwa zaidi kwa wati zilezile. Ukishuka chini ya hapo mambo yanabadilika: sauti inaporomoka desibeli 24 kwa oktavu, na karatasi haina tena springi ya kuizuia. Ndiyo maana amplifaya ya boksi la bomba lazima iwe na swichi ya SUBSONIC, inayokata masafa ya chini mno, na uiweke chini kidogo ya masafa ya bomba. Bila hiyo, wimbo mmoja wenye besi ya kuzama sana unatosha kuing'oa koili, ule waya wa kuzungushwa unaoisukuma karatasi, mahali pake.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapopita haraka. Ukifunga milango na vioo, chini ya masafa fulani chumba chote kinapanda na kushuka shinikizo kwa pamoja, na besi inaongezeka yenyewe. Pa kuanzia panategemea urefu wa ndani. Sauti inakwenda takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo chumba cha mita 2.5 kinaanza kukusaidia karibu na hezi 69, cha mita 3 karibu na hezi 57. Kinadharia ongezeko hilo ni desibeli 12 kwa oktavu, ambazo ndizo desibeli boksi lililofungwa linazipoteza. Mabati yanayotikisika na upenyo wa hewa vinapunguza hesabu hiyo, lakini sehemu kubwa inabaki. Gari dogo linalipenda boksi lililofungwa.

Kwa rumba na kwaya, ambako noti za gitaa la besi zinatembea na kila moja inatakiwa isikike imesimama peke yake, sioni sababu ya kwenda kwingine.

Mdundo_Mzito

Heshima kwako fundi, ila boksi la bomba linalaumiwa kwa makosa ya watengenezaji. Mengi yanayouzwa tayari yamepimiwa hezi 45 hadi 50 ili yapige kelele dukani, na bomba lake ni jembamba. Noti moja inavuma, nyingine hazipo, halafu ukiongeza sauti unasikia upepo unapuliza kwenye tundu. Pima bomba hezi 32 au 34, lipanue, midomo yake ichonge iwe mviringo, uone kama rumba haitatulia.

Na tusisahau reggae na hip hop. Nguvu inayopatikana karibu na masafa ya bomba, kwa boksi lililofungwa ungeitafuta kwa amplifaya yenye wati mara mbili. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, na umeme wa ziada unatoka kwenye alteneta ileile.

Ninachokubali ni ukubwa. Inchi 12 nyingi zinaridhika na lita 28 hivi kwenye boksi lililofungwa. Kwenye boksi la bomba andaa lita 50 hadi 60, bila kuhesabu nafasi inayoliwa na bomba lenyewe. Mwenye mada amesema anataka nusu ya buti. Kwa hilo tu, hoja yangu inapungua nguvu.

Mama_Spika

Naongezea la chini ya kiti, maana watu wanalidharau bila kulisikia. Ninayo kwenye gari langu: spika ya inchi 8 ndani ya kasha la aluminiamu, unene wake hauzidi kiganja kilicholala. Inajaza kuanzia hezi 40 na kitu hadi 100, yaani palepale ambapo gitaa la besi na ngoma ya mguu vinakaa. Kwa kuwa iko karibu na dereva, haihitaji sauti kubwa. Ukitegemea vioo vitetemeke, umekosea njia.

Kabla hujanunua, kaka, fanya hivi. Shusha kiti hadi chini kabisa, mtu mzito akalie, kisha pima kuanzia zulia hadi chuma cha chini kilicho karibu zaidi, halafu sogeza kiti mbele na nyuma upime tena. Angalia kama kuna bomba la hewa ya joto linalopita hapo kwenda nyuma. Ukiliziba, amplifaya iliyo ndani ya kasha inachemka. Nyaya za njano chini ya kiti ni za mifuko ya hewa, hizo usiziguse. Na kwa kuwa nyuma wanakaa watoto, viatu vya matope vitakuwa vinaelekea hukohuko kila siku, kwa hiyo soketi ya umeme igeukie mbele.

Mimi ningekuuliza swali moja: unasikiliza kwa sauti ya juu kiasi gani? Kama mazungumzo bado yanawezekana ndani ya gari, la chini ya kiti linakutosha.

Waya_Mnene

Kuhusu inchi 10 mbili: zidisha kipenyo kwa chenyewe. Mbili za 10 zinakupa 200, moja ya 12 inakupa 144, kwa hiyo eneo la kusukuma hewa linaongezeka karibu asilimia 40. Fundi wako hajakosea. Lakini kila moja inataka lita zake, na buti unalotaka kuliokoa linaondoka. Usisikilize habari za kwamba inchi 10 ina "haraka" kuliko 12. Inayozuia noti zisiburuzike ni boksi, vipimo vya spika na krosova, yaani kichujio kinachogawa masafa kati ya spika.

Hapo hapo kwenye vipimo, kabla hujalipa omba karatasi yenye vipimo vya Thiele na Small. Ni wahandisi wawili ambao kazi zao, zilizofanyika Australia miaka ya 1960 na 1970, ndizo zilizowezesha boksi kukokotolewa badala ya kubahatishwa. Chukua Fs (masafa ya asili ya spika) ugawanye kwa Qes (kipimo cha jinsi koili na sumaku vinavyoizuia karatasi isiendelee kutikisika). Jibu likiwa karibu na 50 au chini yake, spika hiyo ni ya boksi lililofungwa. Likikaribia 100, ni ya bomba. Katikati, inakubali yote mawili. Muuzaji asiye na karatasi hiyo anakuuzia rangi na nembo.

Wati nazo soma za RMS, yaani zile kifaa kinazozimudu kwa mfululizo. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye kasha, 1500 au 2000, iache.

Buti_Dogo

Asanteni sana wote. Dada, sauti yangu ni ya juu kidogo kuliko hapo, hasa safari ndefu nikiwa peke yangu. Naelekea kwenye inchi 12, boksi lililofungwa. Nimeona moja ya wati 300 RMS yenye koili mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na amplifaya ya chaneli moja inayotoa wati 300 kwenye omu 2. Zinaendana? Na redio yangu isiyo na matundu nifanyeje?

Waya_Mnene

Zinaendana. Koili mbili za omu 4 ukiziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya inaona omu 2. Ukiziunga mfululizo inaona 8 na wati zinashuka sana. Ungechukua yenye koili mbili za omu 2, sambamba ingekuwa omu 1, na amplifaya nyingi hazivumilii hapo: zinajizima au zinaungua.

Redio haina shida. Tafuta amplifaya inayopokea sauti kutoka kwenye nyaya za spika moja kwa moja. Nyingi zina soketi hiyo, na baadhi zinajiwasha zenyewe zikihisi sauti. Uliza jambo moja tu: redio za kiwandani nyingine hupunguza besi kadiri unavyopandisha sauti, ili kulinda spika ndogo. Ikiwa yako ni hivyo, utahitaji kifaa cha kurudisha besi kabla ya amplifaya.

Umeme sasa. Wati 300 kutoka amplifaya ya daraja la D, ambayo hupoteza kama asilimia 20, zinakula takribani ampea 27 kwenye volti 13.8. Tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 10 au zaidi. Nyaya nyingi za bei nafuu ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu; kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani ujue ndiyo hiyo. Zinafanya kazi, ila panda saizi moja.

Toa kwanza hasi ya betri, ndipo uanze. Fyuzi iwe ndani ya sentimita 45 kutoka betri, kwa sababu inalinda waya. Waya mnene usio na fyuzi ukichubuka na kugusa bodi unawaka moto kabla hujafungua boneti. Panapopitia ukuta wa bati kuingia ndani, lazima pawe na raba. Waya wa hasi uwe mfupi, chini ya nusu mita, na bati uliparue kwa msasa mpaka ling'ae, maana rangi haipitishi umeme. Kabla ya kutoboa popote, ingia chini ya gari uangalie tangi la mafuta na mabomba ya breki yako wapi. Bolti ya mkanda wa usalama haiguswi hata kama inaonekana pazuri.

Waya wa umeme pita nao upande mmoja wa gari, nyaya za sauti upande mwingine. Ukisikia mlio mwembamba unaopanda na mwendo wa injini, anza kwa kukagua hiyo hasi.

Fundi_Mbao

Kwenye boksi, mbao ya MDF ya milimita 18, gundi kwenye kila kiungo, skrubu kila sentimita 15, kisha silikoni kwenye kona za ndani. Acha silikoni ikauke na harufu yake iishe kabisa ndipo ufunge spika, maana mvuke wa baadhi ya aina unadhuru gundi na raba ya pembeni. Baadaye cheza toni ya hezi 30 kwa sauti ya wastani, lowesha mkono, upitishe polepole kwenye viungo vyote na kuzunguka fremu. Upepo unaovuja utausikia kwenye ngozi kabla sikio halijaujua.

Na lifunge boksi kwa mikanda kwenye vyuma vya sakafu. Boksi hilo na spika yake linaweza kufika kilo 20, na mbele yake wamekaa watoto. Breki ya ghafla hailiachi mahali pake.

Mama_Spika

Hapo kwenye mikanda nasisitiza na mimi. Hilo lisisubiri wikiendi ijayo.

Mdundo_Mzito

Mimi nimekubali uamuzi, basi nimalizie kwenye kurekebisha. Zima vikorombwezo vyote vya besi kwenye redio na amplifaya. LPF, kichujio kinachopitisha masafa ya chini tu, weka hezi 80. Kama una namna ya kuzikata spika za milangoni chini ya hezi 80, zikate. Zitaacha kuhangaika na utashangaa sauti za waimbaji zinavyosafika.

Geini, kitasa cha amplifaya cha kuilinganisha na redio, si kitasa cha sauti. Chomoa sabufa, cheza toni ya hezi 50 huku redio ikiwa karibu robo tatu ya sauti yake, weka testa kwenye volti za AC na uishike kwenye matokeo ya spika ya amplifaya, kisha pandisha geini polepole mpaka usome volti 24 na nusu. Hizo ndizo wati 300 kwenye omu 2. Kuzidisha hapo kunakata vilele vya wimbi, na joto la ziada linaishia kwenye koili.

Swichi ya 0 na 180, inayogeuza mwelekeo wa wimbi la sabufa, mtu akusaidie. Wewe kaa kwenye kiti cha dereva, milango imefungwa, wimbo wenye gitaa la besi linalotembea, naye abadilishe. Upande ambao besi inajaa zaidi na inaonekana kutoka mbele ndio wako. Jaribu pia boksi likiangalia nyuma na likiangalia juu. Kwa milango mitano kuangalia nyuma mara nyingi kunashinda.

Buti_Dogo

Nimeelewa. Swali la mwisho: gari la jirani yangu lina sabufa nzuri, ila nyuma panachacharika kila ngoma ikipiga. Hilo nalizuiaje mapema?

Fundi_Mbao

Anza na namba ya gari: ibandike sponji nyembamba kwa nyuma. Kisha kagua kava la juu la buti, jeki, spana na kufuli la mlango wa nyuma. Cheza toni inayopanda kutoka hezi 30 hadi 80 huku mtu akibonyeza kitu kimojakimoja kwa mkono; kinachonyamaza akikishika ndicho chenye kelele. Mkeka wa raba nzito ya butili bandika katikati ya bati la mlango wa nyuma, ukiukandamiza kwa rola. Huna haja ya kufunika bati lote. Robo hadi nusu yake inatosha.