Mawakala wa "protini asilia" Mtwara mjini, mnaficha nini chini ya stika?

Wanajamvi, heshima kwenu.

Nimeufungua uzi huu nikiwa na hasira, nami sitaificha. Hapa Mtwara mjini, na kwa ninavyosikia hata Lindi na Masasi, wamezuka mawakala wanaouza unga wa protini na virutubisho vinavyodaiwa kutokana na vyakula vizima, na kila ukiwauliza swali la maana kuhusu kilichomo ndani ya kopo, jibu lao ni moja tu, kwamba bidhaa ni asilia. Nimeutumia unga huo kwa muda, nikitafuta afya njema kama watu wengine wanaokimbia jioni kule Shangani, na haya ninayoyaandika nimeyashuhudia mwenyewe.

Nianze na kopo. Nililipa Sh 145,000 kwa kopo la gramu 600, unga wa njegere na mchele wenye ladha ya chokoleti, uliotengenezwa Marekani. Stika ya wakala iliyobandikwa juu ya lebo ya mtengenezaji inasema kila kipimo kina gramu 30 za protini. Niliiloweka stika hiyo kwa maji ya moto hadi ikabanduka, na lebo ya chini ikasema mengine kabisa: kipimo kimoja ni gramu 40 za unga, protini iliyomo ni gramu 15, na kopo zima lina vipimo 15. Namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi nazo zilikuwa zimefunikwa. Nilipompigia wakala, alinijibu bila haya kwamba stika imewekwa ili wateja wasisumbuliwe na Kiingereza, ilhali stika yake nayo imeandikwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Risiti ya mashine hakunipa. Alinichania kikaratasi cha daftari.

Sasa tupige hesabu ambayo mawakala hawapendi ipigwe. Vipimo 15 vyenye gramu 15 kila kimoja ni gramu 225 za protini katika kopo zima. Kilo moja ya karanga ina protini inayokaribia gramu 250, na hakuna duka mjini hapa litakalokuuzia kilo hiyo kwa bei inayokaribia hata robo ya kopo. Mbaazi na choroko kavu zina gramu 22 hadi 24 katika kila gramu 100, na ni mikunde ya jamii moja na hiyo njegere iliyosagwa ng'ambo na kusafirishwa hadi hapa. Nachingwea, Ruangwa na Masasi wanazilima. Ni mbaazi hizi hizi zilizowaozea wakulima wetu mkononi mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa kuagiza na bei ikaporomoka, na sidhani kama kuna wakala hata mmoja aliyejitokeza wakati ule kutuambia kwamba tulikuwa tumekalia protini asilia. Mtu mzima mwenye afya huhitaji takribani gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 60 anatosheka na gramu 48 kwa siku. Ugali kwa dagaa mchana, choroko za nazi jioni na konzi ya korosho katikati vinamfikisha hapo au karibu sana na hapo. Sisemi kwamba unga wa protini hauna mtu wake, kwani mgonjwa asiyeweza kutafuna au mzee aliyepoteza hamu ya kula anaweza kuuhitaji. Ninachokataa ni mtu mwenye meno yake na soko lake kutishwa kwamba bila kopo hilo mwili wake utadhoofika.

Kuna jambo zito zaidi ya fedha. Nembo ya kilimo hai ya Marekani, ambayo kopo langu linayo, huangalia namna zao lilivyolimwa na kusindikwa, yaani mbolea za viwandani, viuatilifu na mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Haithibitishi kwamba ndani ya kopo hamna risasi wala kadimiamu, metali ambazo mimea huzifyonza kutoka ardhini hata pale mkulima asipotia kemikali yoyote. Shirika la Clean Label Project la huko huko Marekani lilitangaza Januari 2025 matokeo ya vipimo vyake: kwa wastani unga wa kilimo hai ulikuwa na risasi mara tatu ya ule wa kawaida, unga wa mimea mara tatu ya ule wa maziwa, na wa chokoleti hadi mara nne ya ule wa vanila. Kopo langu lina sifa zote tatu. Shirika la Afya Duniani nalo linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Halafu stika ya wakala inatangaza kwamba bidhaa "imeidhinishwa na FDA", yaani mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, wakati sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inaruhusu virutubisho kuingia sokoni bila kuidhinishwa kwanza na FDA. Huo ni uongo wa mchana kweupe, tena umechapishwa kwa rangi.

Unga wa kijani wanaouambatanisha na kopo sitaupotezea muda. Lebo yake inataja "mchanganyiko maalumu" wa majani ya ngano, mwani na mlonge kwa uzito wa jumla tu, hivyo huwezi kujua kama mlonge uliomo ni kijiko au ni harufu. Miti ya mlonge imejaa kwenye nyua zetu.

Lililonikera kuliko yote ni hili. Mama yangu mdogo anaishi Mikindani, ana maradhi ya figo, na daktari alimwagiza apunguze protini. Wakala yule yule alimfikia kupitia kundi la WhatsApp, akamwambia kwamba protini ya mimea "haigusi figo", na akamwandikia vipimo viwili kwa siku. Figo zilizochoka hulemewa na mabaki ya protini iwe imetoka kwa ng'ombe au kwa njegere, na unga wa namna hii unaweza pia kubeba potasiamu na fosforasi ambazo mgonjwa wa aina yake hupaswa kuzichunga. Daktari wa kliniki alipoliona kopo alimkataza papo hapo. Wakala alipoulizwa na binti wa mama mdogo, alisema dawa za hospitali ndizo zinazoharibu figo, kisha akamtoa kundini.

Kopo na stika nimevihifadhi. Malalamiko ya maandishi nayapeleka Shirika la Viwango (TBS), ambao tangu mwaka 2019 ndio wenye dhamana ya usalama wa chakula badala ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), na nakala inakwenda Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Yeyote mwenye kopo la aina hii, awe Mtwara, Lindi, Newala au Kilwa, naomba aibandue stika, apige picha ya lebo zote mbili na aiweke hapa chini, akificha jina na namba yake ya simu. Nanyi mawakala mliomo humu, na najua mmo, leteni cheti cha maabara cha toleo mnaloliuza na mtueleze nani aliwapa ruhusa ya kufunika tarehe ya mwisho wa matumizi. Shuhuda za waliopungua tumbo msituletee.