Naomba ushauri: Moro–Dar kwa SGR na familia, kwenda na kurudi siku moja

Habarini ndugu zangu. Jumamosi nataka kupanda treni ya SGR ya asubuhi kutoka Morogoro na mke wangu, watoto wawili na mama mzazi, turudi jioni. Watoto nimewaahidi Makumbusho ya Taifa, wakaone mambo ya Zinjanthropus (lile fuvu la zamadamu wa Olduvai), na pantoni ya Kigamboni. Mchana dada yangu wa Kimara anatusubiri kwa chakula.

Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua. Akipanda ngazi hushika bega la mjukuu, anapumzika, ndipo anaendelea. Basi la mwendokasi la Kivukoni–Kimara saa sita mchana, mzee anapata siti kweli? Na pantoni tuanze nayo au tuiache? Naogopa foleni ya Feri isije ikatuachisha treni. Natanguliza shukrani.