Ramani ya makazi ya ukoo: Google My Maps, Earth Pro au nimlipe mtu?

Mjukuu_wa_Saba: Wakuu habari. Mwezi wa 12 tuna kikao cha ukoo, nimepewa kazi ya kuonyesha wazee waliishi wapi. Kuna kijana anataka laki mbili na nusu achore. Nasikia Google My Maps ni bure, na Earth Pro pia. Ipi nzuri? Hela ni ya ukoo, msinichomeshe.

Chakubimbi: Mkoa gani? Miaka ya ngapi? Una kompyuta? Unatuuliza kama waganga.

MamaTunu: My Maps, usihangaike. Ramani moja inabeba tabaka (layer) 10, kila mzee mpe lake, weka na picha. Linki unaitupa kwenye grupu la ukoo, kazi imeisha.

Upimaji_Kitaa: Earth Pro. Unaskani ramani ya zamani, unailaza juu ya picha ya setilaiti, mto ukae juu ya mto. My Maps haina hiyo. Ila ni ya kompyuta.

Mjukuu_wa_Saba: Samahani, ni Sikonge, Tabora. Babu alihamishwa 1974, Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa. Nina simu tu.

Chakubimbi: Si ungesema! Alikotoka babu sasa ni mahame. Ukitafuta jina, ramani inakupeleka kijiji cha ujamaa. Tafuta ramani za karatasi za zamani za kipimo cha 1:50,000, halafu mchukue mzee mmoja mwende porini.

Minyaa: Mimi nilienda, huko huko Sikonge. Baba mdogo alitutembeza saa mbili kwenye miombo hadi miembe mitatu iliyojipanga mstari, akasema "hapa ndipo uani". Jiwe la kusagia lipo, limefunikwa kifudifudi. Nikasoma namba za mahali (latitudo na longitudo) kwenye simu, nikaandika kwenye daftari 5.6 na 32.7. Usiku nikaingiza kwenye ramani bila alama ya kutoa, ile ya kusini mwa ikweta, nikatuma kwenye grupu. Asubuhi ukoo mzima uko Sudan Kusini! Shangazi akasema ndiyo maana wanaume wetu ni warefu. Nimerekebisha, nimeeleza, wapi. Mpaka leo kuna binamu anawasimulia watoto wake kwamba tulishuka na Nile.

MamaTunu: 😂 Hilo jiwe mmeliacha?

Minyaa: Nani alibebe? Miembe bado inazaa.

Mtemi_Kivuli: Kuhamishwa kulileta shule na zahanati, tuseme ukweli.

Minyaa: Na nyumba ya baba ilichomwa ili asirudi. Ukweli huo pia useme.

Chakubimbi: Jamani, uzi wa ramani huu.

Ziwani: Naingilia kidogo. Cheti cha ubatizo cha babu mzaa babu kimeandikwa Bismarckburg, naambiwa tuna asili ya Ujerumani?

Upimaji_Kitaa: Hiyo ni Kasanga, Ziwa Tanganyika. Wilhelmstal ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu. Majina ya enzi ya ukoloni wa Wajerumani tu.

Ziwani: Duh. Mama atanuna.

Mjukuu_wa_Saba: Kijana kashuka hadi laki mbili. Bado nawasikiliza.