Ilaiyaraaja alichuja baada ya 1992, au masikio ndiyo yaliyohama?

MTOA MADA
Wadau, nazungumzia filamu za kusini mwa India, hasa za Kitamil, si Bollywood. Kila akitajwa mtunzi wa muziki wa filamu Ilaiyaraaja utasikia: alichuja siku mtunzi kijana A. R. Rahman alipotoka na muziki wa filamu ya Roja, 1992. Napinga. Mzee alibadilika, na alianza kubadilika mapema.

Alianza 1976 na filamu ya Annakili. Huyu ni mtoto wa kijiji cha Pannaipuram aliyekua akizunguka na kaka yake kuimba kwenye mikutano ya wakomunisti, akaingiza kwenye sinema nyimbo za mashambani zenye harufu ya udongo. Lakini alikuwa pia amesomeshwa muziki wa Kizungu na mwalimu Dhanraj pale Madras, ndiyo maana chini ya wimbo wa kijijini unasikia vayolini zinajibizana kama za Bach, yule mtunzi wa Kijerumani. Mwaka 1986 akatoa albamu ya How to Name It?, Bach na Tyagaraja, mtunzi mkongwe wa muziki wa asili wa kusini mwa India, chumba kimoja. Mwaka huohuo kwenye filamu ya Punnagai Mannan akatumia kompyuta na sintesaiza. Wanaosema aliogopa mashine wanijibu hapo.

Kwangu, baadaye nguvu yake ilihama kutoka kwenye nyimbo kwenda kwenye muziki unaosindikiza picha. Tazameni tuzo za taifa za India alizopata kwa filamu hizi: Sagara Sangamam, Sindhu Bhairavi na Rudraveena, zote za miaka ya 80, zilikuwa za muziki wa filamu kwa jumla, nyimbo zikiwemo. Pazhassi Raja na Tharai Thappattai, baada ya 2000, ni za muziki wa kusindikiza.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, hoja ya tuzo haisimami. Miaka ya 80 tuzo ya muziki wa kusindikiza peke yake haikuwepo, sasa angeipataje? Usindikizaji wake ulikuwa moto tangu zamani.

Kilichomtupa nyuma ni sauti ya rekodi. Yeye huandika nota kwa mkono, wapigaji wanakusanyika studio, wanapiga pamoja. Rahman, ambaye ujanani alimpigia kinanda huyuhuyu mzee, alijifungia studio ya nyumbani akawa anapanga sauti moja juu ya nyingine, hata besi ukaisikia kifuani. Mwongozaji Mani Ratnam alifanya kazi na Ilaiyaraaja hadi filamu ya Thalapathi, 1991. Filamu iliyofuata, Roja, akampa kijana Rahman. Mwongozaji alisikia kitu.

MTOA MADA
Kwenye tuzo umenibana kidogo, nakubali kategoria haikuwepo. Ila Mani Ratnam kuhama hakuthibitishi kuchuja. Waongozaji huhama, na Thalapathi yenyewe ina okestra nzito kuliko chochote alichofanya miaka kumi iliyotangulia. Huo ndio mwelekeo ninaousema: kadiri miaka inavyokwenda, mwimbaji anapungua, okestra inakua.

MCHANGIAJI WA PILI
Mnabishana kuhusu filamu wakati jamaa keshatoka humo. Machi 2025, akiwa na miaka 81, simfonia yake ya Valiant ilipigwa London na Royal Philharmonic Orchestra. Hakuna mwigizaji wala mwongozaji wa kumwambia akate dakika mbili.

Mimi lakini sifurahii sana. Raha ya Ilaiyaraaja ilikuwa kubanwa: wimbo wa dakika nne, mwimbaji S. Janaki anavuta pumzi, na katikati ya beti anakuchomekea vipande vitatu vya muziki visivyofanana. Mpe saa nzima na uhuru wote, ule ujanja unakosa pa kubana. Mtoa mada, wewe unaita huko kukua?