Avenyu Yetu, Himbi, Goma (Majirani)

*Jumamosi*

Papa Riziki, 17:42: Majirani salamu. Njiwa wangu niliwaachia Sake leo asubuhi. Sita wamefika, watatu mpaka sasa hawajaonekana. Toka Sake ni kama kilomita 25, njiwa mzima hamalizi saa moja njiani. Tafadhali kila mtu atazame juu ya mabati yake na kwenye miti ya avoka. Mwenye kuona njiwa mwenye pete ya kijani mguuni aniandikie namba.

Papa Riziki, 17:58: Watu 23 wamesoma, hakuna anayejibu?

Kadogo, 18:03: Papa Riziki, mimi nimeona mmoja. Iko ndani ya sufuria, anangoja bugali 😂

Yvette, 18:04: 😂😂 Kadogo utalaaniwa

Papa Riziki, 18:05: Kadogo, mbuzi yenu ilipopotea nilizunguka na nyinyi mpaka usiku. Sikucheka.

Kadogo, 18:09: Samahani papa.

Mama Neema, 18:31: Papa Riziki, hapa kwangu kuna mmoja amejibanza kando ya tanki la maji tangu saa nane. Hata paka akipita hakimbii. Mguuni naona kitu kama pete, lakini ni matope matupu.

Papa Riziki, 18:31: MAMA USIMFUKUZE

Papa Riziki, 18:33: Mfunike na kitenge polepole, mabawa yabaki yamekunjwa. Maji kwanza, kwenye bakuli lenye kina, maana njiwa anazamisha mdomo ndipo anavuta. Kisha mahindi au mchele mkavu. Mkate hapana. Halafu mweke ndani ya karto yenye matundu, mbali na huyo paka.

Mama Neema, 18:52: Nimemshika. Moyo unampiga mbio, maskini. Amekunywa kama mtu aliyetoka shambani. Pete nimefuta na kitambaa: 9061.

Papa Riziki, 18:53: 9061 sina. Daftari langu linaishia 1940.

Papa Riziki, 18:54: Ngoja. Mama, huenda unaisoma kichwa chini. 1906 ukiigeuza inasomeka 9061! Na 1906 ni mmoja wa hao watatu. Kando ya namba kuna mwaka, 24. Tazama huo mwaka umesimama vipi.

Mama Neema, 18:58: Upande huo umekwaruzika. Na umeme umekatika.
[picha]

Yvette, 18:59: Hii ni picha ya njiwa ao ya giza?

Yvette, 19:00: Lakini papa, pete si inavuliwa tu, inavalishwa mwingine?

Papa Riziki, 19:04: Haivuliki. Ni duara zima, haina kiungo. Kinda anavalishwa akiwa na siku kama 7: vidole vitatu vya mbele vinapita pamoja, cha nyuma kimelala juu ya mguu, halafu unakichomoa. Mguu ukishakua, kuitoa ni kuikata. Ndiyo maana huko Ulaya wanaitegemea. BELG ni Ubelgiji, NL Uholanzi, GB Uingereza, kisha mwaka na namba, na shirikisho linaangalia orodha linampata mwenye ndege. Hapa orodha ni daftari langu. Kwa hiyo mwenye kuokota pete iliyokatwa aseme. Na wenye mabanda nao wachungulie mabanda yao.

Papa Sifa, 19:10: Wenye mabanda hapa ni nani kama si mimi?

Papa Riziki, 19:10: Sikutaja jina.

Papa Sifa, 19:12: Tangu 2021 unasema bila kutaja jina. Nyiragongo ililipuka, tukakimbia sote, mimi nilikuwa Minova na watoto wanalala chini. Weye mpaka leo unanihesabia ufunguo wa banda lako. Yule njiwa wako mweupe sikumla.

Papa Riziki, 19:13: Mlango haukuvunjwa. Nani alifungua basi?

Kadogo, 19:14: 🍿

Yvette, 19:20: Umeme umerudi upande wa chini?

Muzee, 20:15: Papa Riziki, Papa Sifa. Habari ya ufunguo sitaki kuisoma tena humu. Siku zile mlipokimbia mimi nilibaki. Aliyefungua lile banda nilimuona, na ndege walitoka wazima. Nikitaja jina, kuna parseli mbili hapa hazitasalimiana tena. Huyo njiwa alale. Kesho mwende nyote wawili, mmoja ashike ndege, mwingine ashike daftari.

Papa Riziki, 20:31: Ndiyo muzee.

Papa Sifa, 20:44: Aksanti muzee.

Papa Riziki, 20:46: Basi kesho saa kumi na mbili na nusu, kwa Mama Neema. Kukiwa na mwanga tutasoma vizuri. Papa Sifa utakuja?

Mama Neema, 20:50: Kesho ninaenda misa ya kwanza, natoka mapema. Karto nitaiacha kwa Yvette.

Yvette, 20:51: Mama, kwetu paka ni wawili.

Papa Riziki, 21:07: Papa Sifa?

Papa Riziki, 21:40: Na wale wawili wengine msiwasahau. 1911 na 1927.

*Jumapili*

Mama Sarah, 05:52: Njo nasoma sasa. Jana mchana njiwa wawili walikunywa maji kwenye beseni langu la kufulia, wakaruka kuelekea ziwani. Miguu sikuangalia.

Papa Riziki, 05:53: Saa ngapi mama? Uko nyumbani? Nakuja.