Sharti jipya la kusajili jina la biashara: naweza kulipinga korti ya Milimani, Nairobi?

Mama Sare, Gikomba
Hamjambo wakuu. Mimi hushona sare za shule. Niliomba kusajili jina la biashara kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, likarudishwa. Kijana wa saiba akasema siku hizi wanataka mkataba wa kupanga chumba. Chumba sina, nina meza na cherehani mbili, na mwenye jengo huniandikia risiti kwa karatasi ya daftari. Nikaenda kuuliza sharti limetoka wapi, nikaonyeshwa tangazo ukutani, halina sahihi wala tarehe. Hili linapingika kortini ama nitamaliza pesa za uzi bure?

Otis wa Rongai
Mama, tafuta mkataba wa shemeji yako uweke, maisha yaendelee. Kesi na serikali utazeekea huko.

Karani Mstaafu
Otis, wacha kumpeleka mama wa watu jela. Hati ya uongo ni jinai.

Mama Sare, nilikaa masijala ya korti hadi nikastaafu. Unachouliza kinaitwa mapitio ya mahakama. Jaji hapimi kama sharti ni zuri au baya, anapima lilivyopatikana: nani alilitunga, kwa mamlaka ya sheria gani, na wananchi walishauriwa? Kuna sheria ya 2013 inayosimamia kanuni za aina hii. Kanuni lazima itoke kwenye Gazeti Rasmi, kisha ifikishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao. Isipofikishwa, inakufa yenyewe. Karatasi ya ukutani isiyo na tarehe mimi ningeitilia shaka sana.

Lakini usikimbilie Milimani. Jaji atauliza kwanza kama umemaliza njia za rufaa zilizopo huko ofisini. Anza na barua ya kudai sababu kwa maandishi. Sheria ya Utendaji Haki wa Kiutawala ya 2015 inawapa miezi 3 kujibu. Wakinyamaza, uamuzi wao unachukuliwa kuwa hauna sababu ya maana mpaka wathibitishe vinginevyo. Peleka nakala mbili, na usiondoke kaunta kabla nakala yako haijapigwa muhuri wa kupokelewa. Nimeona kesi nzuri zikiyumba kwa kukosa huo muhuri.

Na usilale. Ukipitia Amri ya 53 ya kanuni za kesi za madai, ndiyo njia ya zamani ya kuomba mapitio haya, ombi la kubatilisha uamuzi lina miezi 6 tu tangu ulipotolewa.

Mama Sare, Gikomba
Asante mzee. Nikishinda, jaji ataniandikia hilo jina?

Karani Mstaafu
Hapana. Mara nyingi anafuta uamuzi na kuwarudishia ofisi waamue upya, safari hii kwa kufuata sheria. Wanaweza hata kukukataa tena kwa sababu nyingine iliyo halali, kama jina kufanana na la mtu.

Mama Sare, Gikomba
Sawa. Barua naweza kuandika kwa Kiswahili?

Karani Mstaafu
Andika. Katiba, kifungu cha 7, inasema ni lugha rasmi. Nambari ya ombi lako la eCitizen iweke juu kabisa, la sivyo watalitafuta hadi Krismasi.